Watoto ndani, mumiani anavuka

Najua wengi mshaipata kwa shoga yangu, lakini yule akisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Nisikizeni mwenyewe.

Intavyuu ya mapokezi, hoteli moja Nyali, jina silitaji. Shoga alinishauri nijisifu kwa Kiingereza kizito: sanguine, yaani mtu mchangamfu, mwenye matumaini hata mambo yakienda kombo. Nikafungua kamusi ya simu ndani ya feri, nimebanwa baina ya mkokoteni wa ndizi na baba wa watu na kuku wake. Feri ikagonga gati, jicho likaruka mstari mmoja juu. Hapo juu anakaa nduguye, sanguinary. Nikambeba huyo.

Walikuwa watatu. Mama wa katikati, mwenye miwani, akasema nijieleze kwa neno moja.

“I am sanguinary.”

Kalamu yake ikasimama. Feni ikazunguka. Mimi natabasamu, nadhani wamekolea.

“Hata kwa wageni?”

“Hasa wageni! Wakishuka basi zima ndio napata nguvu.”

Mzee wa kushoto akavuta kiti nyuma, taratibu, kama aliyeona nge.

“Na watoto?”

“Ah, watoto ndio nawapenda zaidi.”

Msicheke bado. Mama akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ile ya kumpa mtu habari za msiba: “Mwanangu, wajua umetwambia una kiu ya damu?”

Kumbe yote mawili yametoka kwenye Kilatini, sanguis, damu. Matabibu wa kale wa Ugiriki na Roma waliamini mwili una majimaji manne, na aliyezidi damu huwa mcheshi, mwekundu wa mashavu, hakati tamaa. Huyo ndiye sanguine. Waweza kuwa sanguine hata kuhusu biashara yako ya viazi karai. Nduguye kaachiwa vita na mauaji. Na mimi mwenye damu ya kunguni nikamchagua yeye!

Nikaaga. Kosa la pili, nikampigia shoga nikiwa getini. Kabla sijafika Likoni, kwenye grupu kashaandika: “Watoto ndani, mumiani anavuka.”

Jana wamepiga. Mapokezi pamejaa, ila jikoni, upande wa nyama, kuna nafasi. Sijui ni kazi au nachezewa shere. Jumatatu nakwenda.