Koni ya kimbunga haikudanganya

Kimbunga kikipinda saa za mwisho, wa kwanza kulaumiwa ni mtabiri. Agosti 2004, huko Florida, Marekani, mstari wa katikati ya ramani ya utabiri ulikuwa umekielekeza kimbunga Charley kwenye mji wa Tampa. Ikakata kulia, ikaingia mji wa Punta Gorda, kusini zaidi, ikiwa daraja la 4 kati ya 5. Wengi huko walishtuka, ingawa pwani yao ilikuwa ndani ya koni, yaani eneo linalopanuka kwenye ramani ambamo kitovu cha kimbunga kinatarajiwa kupita, na onyo la kimbunga lilikuwa limetolewa karibu siku nzima kabla.

Kimbunga hakijiendeshi. Kinasukumwa na mikondo mipana ya upepo inayokizunguka, na Charley ilipanda karibu sambamba na pwani. Kwa njia ya namna hiyo, mwelekeo ukihama nyuzi chache tu, mahali pa kutua panahama zaidi ya kilomita 100. Kumtaka mtabiri ataje mji mmoja siku tatu kabla ni kumdai asichoweza mtu yeyote.

Ndiyo maana Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kikachora koni. Kwa miaka mingi upana wake umetokana na makosa ya watabiri wenyewe katika misimu mitano iliyotangulia: duara la kila hatua ya utabiri, kama saa 24 au 48 mbele, linapimwa ili kitovu kiangukie ndani yake mara mbili katika kila tatu. Hiyo mara ya tatu ndiyo inayoniumiza. Kitovu kinatoka nje, na bado utabiri umetimiza kile ulichoahidi. Tena kinachozungumziwa ni kitovu peke yake. Mvua, upepo na maji ya bahari vinafika mbali kuliko ukingo wowote uliochorwa. Anayelala usingizi kwa kuwa nyumba yake iko hatua chache nje ya koni hakudanganywa na koni, ila hakuna aliyemweleza inapima nini.

Wakosoaji wana hoja. Jicho la msomaji hufuata mstari wa katikati, basi ufutwe. Lakini wananchi walipoulizwa baada ya msimu ule wa 2004, wengi wa waliojibu walitaka ubaki. Hoja nzito zaidi ya wakosoaji ni kwamba upana wa koni umekuwa uleule msimu mzima, modeli za kompyuta zikubaliane au zivutane. Hapo wako sahihi kabisa.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba utabiri umeboreka mno. Kosa la njia kwa siku tatu sasa linakaribia lile la siku moja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Makosa yakipungua, koni inakonda, na kila inapokonda watu zaidi wanajikuta nje yake, wakiwa bado kwenye njia ya upepo na mafuriko. Kwa hiyo mtabiri anayezidi kupatia anaweza kuonekana anayezidi kukosea. Upana upimwe kwa kila kimbunga, kwa jinsi modeli zinavyotofautiana siku hiyo, na ramani ya upepo na maji itangulie ile ya kitovu.