Mkia wa ndege utiwe kufuli

Mtu wa Goma aliyewahi kuona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yenye magunia ya viazi ikirudi kinyumenyume kwenye mteremko atanielewa haraka. Ikipinda kidogo, mzigo unaivuta ipinde zaidi. Ndege ndogo yenye gurudumu la tatu mkiani ina tabia hiyohiyo: uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu makubwa, basi mkia unataka kutangulia. Rubani akichelewa kukanyaga pedali, ndege inazunguka kama pia na bawa linakwaruza ardhi.

Mafundi wenzangu wengi wanapenda gurudumu linaloongozwa kwa miguu, lile lililoungwa na usukani wa mkia, yaani bapa la nyuma linalogeuzwa kwa pedali, kwa springi mbili, kama la ndege ndogo ya Piper Cub. Kwa kutembea uwanjani sibishani nao. Unakata kona bila kuchosha breki. Ninabishana nao juu ya kutua.

Upepo ukipiga ubavuni, rubani hugusa ardhi huku amekanyaga pedali ya upande mmoja ili pua ikae sawa. Usukani umepinda, na gurudumu limeufuata. Mkia ukishuka, gurudumu linagusa chini likiwa limetazama pembeni, na ndege inavutwa huko. Gurudumu lililotiwa kufuli, yaani lililofungwa kwa pini lisigeuke, linatazama mbele, miguu iwe popote. Tena mwendo ukipungua, usukani unakosa hewa ya kuusaidia, na hapo kufuli ndiyo inayoshika mstari. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, na ndege inagusa ardhi kwa kasi kuliko huko pwani ingawa kipimo cha mwendo kinasoma namba ileile.

Halafu kuna mchanga wetu wa volkano. Ndani ya gurudumu la springi mna ulimi wa chuma unaolishika. Kona ikizidi, ulimi unaachia na gurudumu linazunguka huru. Niliwahi kufungua moja lililokuwa limeachia lenyewe katikati ya kutua, ndege ikaishia majanini. Grisi ilikuwa nyeusi, imejaa mchanga, na ncha ya ulimi imelika hadi ikawa duara kama kipande cha sabuni. Abiria walishuka wazima, namshukuru Mungu. Kile chuma bado ninacho.

Kufuli nayo inadai nidhamu. Ukisahau kuifungua kabla ya kona, unavunja pini. Ukisahau kuifunga kabla ya kuruka, ni vibaya zaidi. DC-3, ndege ya injini mbili, imeishi hivyo tangu 1935: gurudumu la mkia huru, wenzo wa kulifunga, na kona zote kwa breki na injini.

Ndege ndogo za Cessna 185 zipo zenye vyote viwili, springi na kufuli, na mwenye kupeleka mizigo vijijini akiniuliza, namwambia atafute hiyo. Mwenye springi peke yake aniletee gurudumu nilifungue na kulisafisha kabla halijaanza kutetemeka.