Akikubali kuhojiwa, ni lazima asaini?

Mama alikuwa ameshakubali kuhojiwa kwa ajili ya utafiti. Nilimsomea fomu ya ridhaa yote, kurasa tatu, tukiwa tumekaa kwenye benchi nyuma ya kituo cha afya huko Nyanda za Juu Kusini. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.) Akachovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza. Nikampa nakala yake kama utaratibu unavyotaka. Akaikunja mara nne, akaishika kidogo, kisha akanirudishia. "Kaa nayo wewe, mwanangu. Mimi sijui kusoma. Karatasi zote za nyumbani ananisomea mkwe wangu."

Juu ya karatasi ile, kwa herufi nene, kulikuwa na jina la utafiti, na ndani ya jina hilo maneno "watu wanaoishi na VVU".

Wenzangu wengi katika kazi hii wanashikilia kwamba bila saini au dole gumba hakuna ridhaa. Hoja zao si nyepesi. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, wala hawakupewa penisilini hata ilipokuwa tiba ya kawaida. Aliyetoka kwenye historia ya namna hiyo ana haki ya kudai karatasi. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Yeyote aliyewahi kukusanya taarifa uwandani anajua maana ya kupika data: mhojaji amechoka, idadi ya siku haijatimia, anajaza majibu akiwa chini ya mwembe. Saini haimzuii kabisa, lakini inamtia woga. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa kawaida inataka idhini ya maandishi, ingawa imeweka misamaha.

Lakini tuulize hatari yenyewe iko wapi. Kwenye utafiti wa dawa mpya, hatari iko kwenye mwili. Kwenye mahojiano hakuna sindano wala kidonge. Kinachoweza kumdhuru mtu ni siri kuvuja. Na katika mahojiano mengi jina lake haliandikwi popote, anapewa namba tu. Mahali pekee jina linapokaa jirani na neno VVU ni kwenye ile fomu tuliyomletea kwa ajili ya kumlinda. Kanuni za Marekani, ambazo miradi mingi inayofadhiliwa na nchi hiyo huzifuata, zimeliona hili: kamati ya maadili inaweza kuondoa sharti la saini pale ambapo fomu ndiyo kumbukumbu pekee inayomuunganisha mshiriki na utafiti, na madhara makubwa yanayoweza kumpata yanatokana na siri kuvuja. Hapo mshiriki mwenyewe anaulizwa kama anataka karatasi yenye jina lake au hataki. Naona huo ni utaratibu wa heshima kuliko wetu.

Kwa asiyejua kusoma mambo ni magumu zaidi, maana taratibu nyingi zinataka shahidi asiye wa upande wa mtafiti. Shahidi huyo anatoka wapi? Akiletwa jirani, jirani ameshajua. Akiletwa mhudumu wa kituo, si mtu huru mbele ya mgonjwa, kwa sababu ndiye anayempa dawa. Siku ile shahidi wetu alikuwa mhudumu wa usafi, aliyeitwa kwa haraka akiwa na ndoo mkononi. Alisikia yote. Sijui kanuni ilimlinda nani pale.

Saini nayo ina maana yake mitaani. Watu wanasaini mkopo wa kikoba, wanasaini hati ya kiwanja, wanasaini maelezo polisi. Hata neno "kuhojiwa" lina harufu ya kituo cha polisi. Ukimwambia mtu "nataka kukuhoji, saini hapa," usishangae akisita. Wala usifurahi sana akisema "haya". Kwetu "haya" ni neno la adabu. Muuguzi anayekupa dawa za miezi mitatu akikuambia kuna mgeni anataka kuongea na wewe, utasema nini zaidi ya "haya"? Ndiyo maana sioni kwamba ridhaa ya mdomo peke yake inatosha. Tukifuta saini tukaacha muuguzi aendelee kutuitia watu kutoka kwenye foleni ya CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, hatujarekebisha kitu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko saini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inataka siri ya mgonjwa itunzwe, na sheria hiyohiyo inafanya kumwambukiza mtu VVU kwa makusudi kuwa kosa la jinai. Sisi tunawauliza watu kuhusu wenzi wao na kama waliwaambia hali zao, huku kinasa sauti kikiwaka. Fomu nilizowahi kuzibeba zinaahidi siri kwa ujumla, hazimwambii mtu kwamba anachosema kinaweza kugusa sheria. Hapo amesaini, lakini hajaelezwa.

Pingamizi lililonigusa zaidi lilitoka kwa mwanachama wa kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, anayejieleza hadharani miaka mingi. Aliniuliza kwa nini tunamfichia jina lake. Alisema tukilifanya VVU kuwa neno la kunong'onwa, sisi ndio tunaolea unyanyapaa. Ana haki. Anayetaka kuandika jina lake lote aandike, apewe na nakala. Ila ujasiri wake usigeuzwe sharti kwa mwingine anayeishi na mkwe.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: mshiriki achague saini au sauti, na shahidi amtaje mwenyewe. Nakala ya kubeba nyumbani isitaje VVU kwenye kichwa chake. Na tumuulize mara ya pili, mwishoni, kwa sababu mwanzoni hakuna ajuaye atasema nini. Simulizi ina sura. Ukiandika "mjane fundi cherehani aliyezika watoto wawili", kijijini hakuna haja ya jina.

Yule mama nilimuuliza hivyo, nikiwa nimeshazima kinasa sauti: katika haya uliyoniambia, lipi nisiliandike? Akafikiri. Habari za marehemu mumewe akasema niandike kama zilivyo. Alichotaka niondoe ni biashara yake, kwa sababu kijiji kizima hununua kwake. Nikawasha kinasa tena ili aliseme hilo kwa sauti yake.