Ni lini? Swali la umri wa ndoa ambalo Serikali bado haijalijibu

Anayefuatilia Bunge letu la Tanzania analijua jibu hili kwa moyo. Mbunge anasimama na kuuliza ni lini Serikali italeta muswada wa kurekebisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Naibu Waziri anasogea kwenye kipaza sauti, anampongeza mheshimiwa kwa namna anavyowapigania watoto wa kike, kisha anasema suala hili linagusa mila, desturi na imani za watu, hivyo Serikali inaendelea kukusanya maoni ya wadau na mchakato ukikamilika muswada utaletwa bungeni. Maswali mawili ya nyongeza, majibu ya namna hiyo hiyo, na Spika anaita swali linalofuata.

Aliyeuliza hakutaka kujua kama Serikali ina nia njema. Aliuliza lini. Wabunge wa upinzani wamelishika swali hili kwa miaka, na wanawake wa Viti Maalumu wa CCM nao wamesimama wakaliuliza, lakini tarehe haijatajwa.

Sheria yenyewe inasema hivi. Kifungu cha 13 kinamtaka mwanamume awe ametimiza miaka 18 ndipo aoe. Msichana anaruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata kwa aliyefikisha 14 ikiona kuna sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinasema msichana ambaye hajafika miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake. Kama baba amefariki, ndipo ridhaa inaombwa kwa mama. Ukikisoma polepole unaona picha nzima: mama aliyembeba binti huyo tumboni, akamlea, akamuuguza, hana neno la kisheria juu ya ndoa yake maadamu mumewe yu hai.

Kuna kingine ambacho wengi hawakijui, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia. Lakini imeacha mlango: si kubaka iwapo msichana huyo ni mke wa mtu huyo na ametimiza miaka 15. Kwa hiyo tendo lile lile, kwa mtoto wa umri ule ule, ni kosa la kwenda jela leo jioni na si kosa kesho asubuhi baada ya ndoa kufungwa. Umri wa kwenye Sheria ya Ndoa ndio unaouacha mlango huo wazi.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17. Tarehe 8 Julai mwaka huo alishinda. Mahakama ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba kwa kuwa vinambagua mtoto wa kike, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba wasichana hukomaa mapema kuliko wavulana na kwamba sheria iliwekwa kwa kuzingatia mila na dini. Mahakama ya Rufani, yaani ngazi ya juu kabisa tuliyo nayo, iliitupa rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019.

Hapo hapakubaki pa kukimbilia. Na bado Bunge la 12 lilimaliza kikao chake cha mwisho mwezi Juni 2025 bila kupitisha marekebisho hayo.

Hesabu mawaziri waliokalia kiti cha Katiba na Sheria tangu hukumu ya kwanza hadi mwisho wa Bunge hilo la 12: Mwakyembe, Kabudi, marehemu Mahiga, Mwigulu Nchemba, Simbachawene, Ndumbaro, Pindi Chana, na baadhi yao wamekikalia kiti hicho zaidi ya mara moja. Kila anayeingia anakuta faili mezani na anaanza upya na wadau. Sidhani kuna mmoja wao anayependa mtoto wa miaka 15 aolewe. Ninachokiona ni kwamba hakuna gharama yoyote kwa waziri anayechelewa. Anajibu swali, anakaa, wenzake wanapiga makofi mezani, basi.

Kuhusu maoni ya wadau, tuseme ukweli. Sheria hii ilipotungwa ilitanguliwa na Waraka wa Serikali wa mwaka 1969 ambao wananchi waliujadili nchi nzima. Tume ya Kurekebisha Sheria ikaja na ripoti yake kuhusu sheria hii mwaka 1994. Viongozi wa dini wameongea, wazee wa mila wameongea, mashirika ya wanawake yameongea, mahakama mbili zimesikiliza pande zote na kuamua. Ninawaheshimu watu wenye msimamo tofauti na wangu, wakiwemo waumini wanaoona kubalehe ndiyo alama ya kuwa tayari kwa ndoa. Wana haki ya kusikilizwa, na wamesikilizwa. Ila haki za msingi zilizomo kwenye Katiba hazikuwekwa ili zipigiwe kura kila baada ya miaka mitatu kwenye ukumbi wa hoteli. Mahakama ikishasema kifungu kinavunja Katiba, kazi ya Serikali inabaki kuandika muswada.

Na Serikali ikitaka, inajua kukimbia. Mwanzoni mwa Julai 2017, siku zile zile ambazo mwaka mmoja uliotolewa na Mahakama Kuu ulikuwa unafika ukingoni, Bunge lilipitisha miswada ya rasilimali na maliasili za nchi chini ya hati ya dharura. Ilikuwa miswada mizito, inayogusa mikataba ya madini na makampuni makubwa ya kigeni, na ilimalizwa kwa siku chache. Wapinzani walilalamika kwamba muda hautoshi hata kuisoma. Wakati huo huo, marekebisho ya umri wa ndoa, yanayogusa vifungu viwili na hayaidai Hazina ujenzi wa hata darasa moja, yalikuwa yamesimama yakisubiri rufaa.

Wapo wanaosema tatizo lilishatatuliwa mwaka 2016 pale Sheria ya Elimu ilipobadilishwa, na sasa anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hatua ile ilikuwa nzuri na ninaiunga mkono. Lakini inamlinda mwanafunzi. Binti aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea, aliyeacha shule kwa sababu ya umaskini, au ambaye hakuwahi kuandikishwa, yuko nje ya ulinzi huo. Mtendaji wa kijiji akienda kuzuia harusi ya binti kama huyo, baba ana jibu la kisheria mkononi: mwanangu si mwanafunzi, ana miaka 15, na ridhaa nimeitoa mimi. Mtendaji hana pa kushika. Huyu ndiye mtoto aliye hatarini kuliko wote, na ndiye tuliyemwacha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kwamba karibu theluthi ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18.

Majirani hawakutusubiri. Uganda iliandika umri wa miaka 18 kwenye Katiba yake ya 1995. Kenya iliuweka kwenye Sheria ya Ndoa ya 2014, kwa ndoa za aina zote. Malawi, wenye vijiji na mila kama zetu, walibadilisha Katiba yao mwaka 2017 kuziba mwanya uliokuwa umebaki wa kuolewa chini ya miaka 18. Na sisi wenyewe tuliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, inayosema wazi kwamba mwanamke asiolewe chini ya miaka 18, na Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya umri huo.

Sasa nirudi kwa wabunge wa upinzani, maana ninawaheshimu na kwa hiyo nawadai. Enzi za Bunge la 11 kulikuwa na Kambi Rasmi ya Upinzani, yenye msemaji wa kila wizara na hotuba mbadala kwenye kila bajeti. Sauti yake ilipunguzwa pale matangazo ya moja kwa moja ya televisheni yaliposimamishwa Januari 2016. Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani hawakufikisha idadi ya kuunda Kambi Rasmi. Uchache huo ni tatizo kubwa, sitalipunguza. Lakini swali moja linaloulizwa mara moja kwa mwaka, na mbunge mwingine kila safari, ni rahisi sana kwa Serikali kulipokea na kulisahau.

Bunge la Uganda lina kamati ya ahadi za Serikali, na kwa kanuni zao kamati hiyo inaongozwa na mpinzani. Kila waziri anachoahidi ndani ya ukumbi kinafuatiliwa. Natamani Dodoma nako pawe na kamati ya namna hiyo, waziri aliyesema muswada unakuja aitwe aeleze umefikia wapi, na maelezo yake yaandikwe kwenye taarifa inayosomwa bungeni.

Pia wauliza maswali wabadilishe swali. Ibara ya 30(5) ya Katiba inaruhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria mbovu, na inasema sheria hiyo itahesabiwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, lolote litakalotangulia. Muda ulishapita na rufaa imetupwa. Basi Waziri aulizwe: kwa mujibu wa ibara hiyo, vifungu vya 13 na 17 viko hai au vimekufa? Kama vimekufa, wasajili wa ndoa, mahakimu na watendaji wa vijiji wamepewa maelekezo gani? Kama viko hai, ni kwa idhini ya nani? Hapo mchakato na wadau havitoshi kuwa jibu.

Na akikwepa hilo pia, Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta muswada binafsi. Hata mbunge mmoja anaweza kuuanzisha, na kazi yenyewe ni ndogo. Kifungu cha 13 kisomeke miaka 18 kwa mwanamume na mwanamke. Ruhusa ya miaka 14 ifutwe. Kifungu cha 17 kifutwe chote. Kwenye Kanuni ya Adhabu, maneno yanayomtoa mke wa miaka 15 kwenye ulinzi wa kifungu cha 130 yaondolewe. Ni ukurasa mmoja, na kura ipigwe kwa majina ili kila mbunge ajulikane upande aliosimama.