Kadi za Hollerith: kazi ilipungua, au ilihama?

Sensa ya Marekani ya 1880 ilichukua miaka takriban minane kuchambuliwa. Ile ya 1890, kwa mashine za mhandisi Mmarekani Herman Hollerith, zilizohesabu kwa kusoma matundu ya kadi, ilitoa jumla ya watu, zaidi ya milioni 62, ndani ya wiki chache. Sifa anazopewa ni haki yake. Hata hivyo, kuna hesabu moja ambayo naona haipewi uzito wake.

Kabla ya sensa hiyo, washindani watatu, Hollerith akiwamo, waliowania kazi ya kuichambua walipewa taarifa za 1880 za maeneo manne ya mji wa St. Louis. Katika kujumlisha, Hollerith alitumia saa 5.5, wenzake 44.5 na 55.5. Lakini kuzihamishia taarifa hizo kwenye kadi kulimchukua saa 72.5. Yaani zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za muda wake zilikwenda kwenye kutoboa, kazi ya jicho na mkono.

Karani alisoma fomu, akatoboa: tundu hili mwanamume, lile mjane, jingine rika. Kadi ikawekwa chini ya pini za chemchemi. Penye tundu, pini ilipenya hadi kwenye kikombe cha zebaki, umeme ukapita, mshale wa kihesabio ukasogea hatua moja. Kengele ikalia, na kifuniko kimoja cha sanduku la kupangia kikafunguka kupokea kadi hiyo. Kengele ikinyamaza, kadi ina kasoro. Ila mwenye mume akitobolewa kama mjane, kengele ililia vilevile.

Wakosoaji wana hoja nyingine: sensa ya 1890 iligharimu takriban dola milioni 11.5, karibu maradufu ya iliyotangulia. Ni kweli, lakini maswali nayo yaliongezeka, na hapo ndipo ninapoegemea upande wa mashine. Fomu ilisomwa, na kadi yake kutobolewa, mara moja tu. Kadi iliweza kurudishwa mashineni tena na tena, nyaya zikiunganishwa upya ili kuhesabu, tuseme, wanaume wa rika fulani waliozaliwa ughaibuni. Kwa kalamu, kila swali la namna hiyo lilimrudisha karani kwenye lundo la karatasi.

Gharama ninayoiona nzito zaidi ni nyingine. Kadi ilibeba kile tu kilichopangiwa tundu, na jina la mtu halikuwamo. Majina yalibaki kwenye fomu, na mwaka 1921 nyingi kati ya hizo ziliharibiwa Washington na moto, pamoja na maji ya kuuzimia.