Futi kamba tatu, majibu manne

Jamani mimi seremala, karakana yetu iko Keko hapa Dar, na humo ndani tuna futi kamba tatu. Ya njano yangu, nyeusi ya dogo ninayemfundisha kazi, na ya tatu haina rangi tena, tuliachiwa na fundi mmoja aliyehamia Songea, namba zake zimefutika kuanzia sifuri mpaka kumi na moja, kwa hiyo ukitaka kupima unaanzia kumi na mbili halafu unatoa kichwani, na ukisahau kutoa imekula kwako. Hizi futi zinalala meza moja na zinakula vumbi moja, lakini ziulize urefu wa ubao mmoja uone, kila moja na ushahidi wake kama watu waliokuta bodaboda imegonga.

Mi nilikuwa siliamini hili. Mteja akilalamika mlango wa kabati haufungi namwambia mama mbao inavuta unyevu, masika haya, subiri jua liwake. Na ni kweli mbao inavimba, ubao wa kiangazi sio ubao wa Aprili, ila na mimi nilikuwa nautumia huo unyevu kama mtu anavyotumia foleni akichelewa kazini.

Sasa wiki iliyopita. Kabati la nguo Mbagala, la kuingia katikati ya kuta mbili, mbao ya mkongo tupu, kazi ya heshima. Nikaenda na futi yangu ya njano, nikapima hapa usawa wa kiuno, sentimita 182. Nikasema niache nusu sentimita ya kupumulia, kabati liwe 181 na nusu. Narudi Keko, mimi nikaanza kukata rafu kwa futi yangu, dogo akakata ubao wa juu na wa chini kwa futi yake maana yangu nilikuwa nimeishika. Hapo ndipo tulipokosea ila hapo hapo sote tulikuwa tunapiga mluzi.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, elfu ishirini na tano mpaka Mbagala. Tunafika, watu wanne tunalisukuma kabati, linaingia chini vizuri kabisa, juu linagoma. Tunalilaza, tunalisimamisha, bismillah, linagoma. Mume wa yule mama kakaa kwenye kiti cha plastiki na chai yake na maandazi, ametulia, hana haraka ya popote, akasema, "Fundi, si ulipima?"

Nimeoa, nimezaa, nimezika, sijawahi kuulizwa swali zito kama lile.

Tukalitoa tukapima upya. Futi ya dogo inasema 181 na nusu kavu, bila aibu. Yangu inasema 181 na milimita tisa. Mwenye kabati naye akaingia ndani akatoka na futi yake, ikatupa 181 na milimita saba, akarudi kwenye chai. Na ukuta nao, kule juu karibu na dari ni 181 tu, maana fundi aliyepiga ile plasta alikuwa na pimamaji yake na Mungu wake. Kwa hiyo ukuta umepungua, kabati limezidi, na mimi nipo katikati na randa, naranda mkongo chumbani kwa watu, maranda yanadondokea kwenye shuka la kitanda, mama anaita "fundi shuka hilo!" na baba anamega andazi.

Kurudi Keko nikamsimulia mzee wa karakana ya pili. Huyu mzee matatizo ya watu ndio chai yake ya saa nne. Akachukua futi yangu, akashika kile kibati cha mwanzo kilichokunjwa kama kucha, akakitikisa. "Mbona hiki hakichezi?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Nilikigonga nyundo mzee, kilikuwa kinalegea, ripiti zilichoka."

Akanitazama kama nimemwambia nimeshona pua ya mtoto kwa sababu ilikuwa inatoa mafua.

Kumbe kile kibati kimelegezwa makusudi! Kinacheza kiasi cha unene wake mwenyewe tu, kama milimita moja hivi. Ukikipachika kwenye ncha ya ubao ukavuta kinatoka, ukikisukumiza ukutani kinaingia, ili sifuri ibaki sifuri kote kote. Mimi nilikikaza kikiwa kimeingia, kwa hiyo ukutani napima sawa ila nikivuta kwenye ubao naibiwa milimita, kila rafu inatoka fupi, na lile pengo nimekuwa nikiliziba kwa gundi na vumbi la mbao nikiamini ndio finishing. Miaka sita! Na sio yangu tu, nimewagongea na wenzangu, mtu akipita na futi inayocheza namwambia lete hapa kaka, ko ko ko, chukua, bure, kwa moyo mweupe. Sijui niwaambie au ninyamaze.

Ya dogo kesi yake tofauti. Ilishaanguka kutoka mezani ikatua na kibati, kibati kikafunguka nje, kwa hiyo mbao zake zote zinazidi milimita tatu. Ukiweka rafu zangu fupi na mbao zake ndefu kwenye kabati moja unapata kitu cha kuvulia samaki.

Mzee akaona bado nina nguvu za kuumia akaomba na skwea, ile ya kupimia kona kama imenyooka. Akaegemeza kwenye ubao ulionyooka, akachora mstari, akaigeuza upande wa pili, akachora tena palepale. Mistari miwili ilitakiwa kulaliana. Yangu imeanza pamoja chini, ikifika juu, sentimita thelathini tu, imeachana milimita mbili. Akasema kosa ni nusu ya hapo, milimita moja. Nikashusha pumzi. Akaniambia usishushe, hesabu kwenye mlango wa sentimita 180. Milimita sita. Basi ndio milango yangu yote inayojifungua yenyewe usiku, na kuna nyumba Tandika wameshaita mpaka shehe aje kusoma dua.

Nikaenda Kariakoo kununua futi mpya. Ya elfu tatu ina picha ya simba tu, hakuna kingine. Ya elfu kumi na nane ina kialama kidogo cha II ya Kirumi, muuzaji hajui ni nini, anasema ni modeli ya pili. Mzee alishaniambia, hilo ni daraja la usahihi, maana yake kwenye mita tano inaruhusiwa kukosea mpaka milimita 1.3, ya daraja la I ni 0.6. Yaani hata ile nzuri inaruhusiwa kudanganya ila kwa kiasi, kama mshenga. Nikachukua ya II. Simba nimemuacha pale.

Sasa amri ya mzee ni kwamba futi iliyopima kwa mteja ndio hiyo hiyo ikate karakana, mwanzo mpaka mwisho, hata kama ni mwongo basi uongo uwe mmoja. Sawa, ila tupo wawili na futi moja, dogo anasimama na penseli sikioni akisubiri zamu kama foleni ya choo cha nyumba ya kupanga. Mzee mwenyewe wala hana futi, anaenda kwa mteja na kijiti, anakiweka ukutani anakichora alama, anarudi nacho, anakata kwenye alama. Hakuna namba. Nikadhani ni uzee kumbe ndio maana kabati zake zinaingia.

Nikasema sawa, naanza upya, kazi safi. Jana mama mwingine wa Temeke kanitumia voisi ya meza ya tivii, anasema fundi usihangaike kuja, vipimo nimeshachukua mwenyewe na futi ya cherehani, andika, upana ni sitini na tatu.

Nikampigia. "Mama, sitini na tatu nini, inchi au sentimita?"

"Sitini na tatu baba, sitini halafu tatu."

"Naelewa mama, ila hiyo futi ina pande mbili, umesoma upande gani?"

Kimya kidogo, nasikia anaipekua. "Upande wa tivii."

Nimetafuta kijiti, naenda Temeke.