Vinyunyizi vya moto katika hoteli za Mji Mkongwe: maji yatatoka wapi?

Hoteli nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilikuwa nyumba za watu. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na mara nyingi ngazi ni moja tu, ya mbao, inayopanda kandokando ya ua wa ndani hadi juu, ambako kuna mkahawa wa kutazamia bahari. Mgeni analala kwenye kitanda cha besera chenye chandarua, na nje ya mlango kuna kichochoro ambacho gari la zimamoto haliwezi kuingia. Hayo yote ndiyo yanayomvutia, na hayohayo yanaweza kumuua moto ukizuka usiku.

Je, hoteli za namna hii zilazimishwe kufunga vinyunyizi vya maji darini? Wapo wanaosema ndiyo bila kusita. Wengine, hasa wenye majengo na baadhi ya watu wa uhifadhi, wanasema vitaharibu zaidi ya vitakavyookoa. Mimi ni wa upande wa kufunga, ila naona mjadala unakwama kwenye bomba na bei, wakati swali zito ni maji.

Nianze na hofu moja isiyo na msingi, kwamba moshi wa sigara au mkate ulioungua utafungulia vichwa vyote na kulowesha jengo zima. Vinyunyizi vya kawaida vya hoteli havifanyi kazi hivyo. Kila kichwa kimezibwa na kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Kile chekundu hupasuka joto likifika nyuzi 68, na maji hutoka kwenye kichwa hicho peke yake. Vingine hubaki vimefungwa mpaka joto livifikie navyo. Kichwa kimoja humwaga lita 60 hadi 80 kwa dakika, wakati mpira wa zimamoto humwaga mamia ya lita, tena baada ya moto kukua. Chini ya paa la bati, ambako jua la mchana peke yake hupandisha joto sana, hutumiwa kichupa cha njano cha nyuzi 79 au cha kijani cha nyuzi 93.

Hofu nyingine haipuuziki. Chokaa hunyonya maji, na bomba likivuja polepole ndani ya ukuta kwa miezi bila mtu kujua, ukuta unalegea. Tangu sehemu ya Beit al Ajaib, jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, mtu anayeogopa kutoboa na kuongezea uzito majengo haya ana haki ya kusikilizwa. Uzito wenyewe ni mkubwa. Ukifuata kanuni ya Marekani ya vinyunyizi, NFPA 13, kwa majengo ya hatari ndogo, unapanga lita 4.1 za maji kwa dakika kwa kila mita ya mraba, juu ya mita za mraba 139, kwa nusu saa. Hizo ni lita zipatazo 17,000, yaani tani 17, kabla hujahesabu maji ya mipira ya askari. Tani 17 huzipandishi juu ya boriti za mikoko.

Hapa ndipo msanifu mzuri anapojitofautisha na mtu wa kunakili jedwali. Nyumba hizi zina faida ambayo hoteli mpya ya vioo haina: kuta za chumba zenyewe ni kinga ya moto. Vyumba navyo ni vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Kanuni hiyohiyo inaruhusu, pale kuta zinapostahimili moto na milango inajifunga yenyewe, kukokotoa maji kwa chumba chenye mahitaji makubwa kuliko vyote badala ya eneo lote lile. Tuseme ni vichwa vinne vya lita 70 kwa dakika: nusu saa inahitaji lita 8,400. Tangi la kiasi hicho linaweza kuchimbiwa chini. Kazi inayobaki ni kuimarisha milango, na kuziba matundu ya sakafuni ambako moshi hupita.

Ndani ya chumba, kichwa cha ukutani kilichowekwa juu ya mlango hurusha maji kuelekea kitandani, na bomba lake hupita koridoni bila kugusa dari ya boriti. Lakini hapo kuna besera. Kitambaa cha juu yake kinaweza kuzuia maji yasifike kwenye godoro linaloungua, kwa hiyo kitanda lazima kichorwe kwenye ramani tangu mwanzo. Kichwa hicho pia kinahitaji kificho au onyo la wazi, maana wageni hutundika hanga za nguo juu yake, na kichupa kikivunjika chumba kinaloa.

Wenye hoteli ndogo wana hoja nyingine: tuna mlinzi usiku kucha, moto utaonekana mapema. Hoja hii ina historia mbaya. Katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, mkahawa mmoja uliachwa bila vinyunyizi kwa sababu ulikuwa wazi saa 24, hivyo daima kungekuwa na mtu wa kuona moto. Baadaye saa za kazi zikabadilishwa. Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1980 moto ulianzia humo mkahawa ukiwa umefungwa. Watu 85 walikufa, wengi wao ghorofa za juu, mbali na miali, kwa moshi.

Moshi ndio unaonifanya nikubaliane na wapinzani kwenye jambo moja. Godoro linaloungua polepole linaweza kumuua aliyelala kabla kichupa hakijafika nyuzi 68. Kama fedha ni za kitu kimoja tu mwaka huu, nunua vitambua moshi na king'ora kinachosikika kila chumba. Jikoni nako, mafuta yanayochemka hayazimwi kwa maji na yanahitaji mfumo wake wa kemikali.

Ninachokiogopa zaidi ni biashara ya vibali. Katika nchi nyingi mwenye vinyunyizi hulegezewa masharti mengine, kama umbali wa kufika kwenye njia ya kutokea. Ni haki, ikiwa mfumo unafanya kazi. Mji Mkongwe, hoteli ikikubaliwa kubaki na ngazi moja kwa sababu ina vinyunyizi, halafu tangi likakutwa tupu, mgeni hana ngazi wala maji. Na matangi yetu hukauka. Bomba la mtaani likikata siku mbili wakati wa msimu, meneja atapeleka maji ya zimamoto bafuni ili wageni waoge. Dawa yake ni ya kifundi: toleo la maji ya matumizi liwekwe juu kwenye tangi, ili yaliyo chini yake yasiweze kuchotwa. Pampu nayo iwe na injini yake ya dizeli, iwashwe kila wiki. Zanzibar ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Hata hivyo, si kila nyumba ina mahali pa kuchimba tangi. Ningependelea hoteli tano au sita za mtaa mmoja zichangie tangi moja chini ya uwanja wa wazi, pampu moja, na bomba la vichochoroni ambalo Kikosi cha Zimamoto na Uokozi nacho kingeweza kuunganishia mipira yake. Gharama ingegawanyika, na nyumba za majirani wasio na hoteli zingepata kinga. Ugumu ni nani atawajibika. Baada ya moto wa hoteli ya Kartalkaya, Uturuki, tarehe 21 Januari 2025, uliochukua roho 78, wizara ya utalii na manispaa zilitupiana lawama kuhusu nani alipaswa kukagua. Hapa tuna Mamlaka ya Mji Mkongwe, zimamoto, mamlaka ya maji na wasimamizi wa utalii. Kabla ya bomba la kwanza kulazwa, mmoja wao atajwe kwa maandishi kuwa ndiye anayefungua tangi, anayewasha pampu, na mwenye uwezo wa kuifunga hoteli ambayo maji yake hayafiki alama.